Nani Katuibia Majilio?

Tarehe 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, niliingia supamaketi moja hapa Dar es Salaam kununua sukari na sabuni. Joto la siku hiyo silisimulii, wa Dar mnalijua. Mlangoni nikapokewa na mti wa plastiki mrefu kuliko mimi, umebandikwa pamba kwenye matawi ili uonekane umeangukiwa na theluji. Spika za darini zinapiga Boney M. Pembeni ya mti kasimama kijana kavaa kofia nyekundu ya Baba Krismasi, jasho linamtiririka shingoni.

"Karibu dada, tumeshaanza ofa za sikukuu."

"Sikukuu gani, mdogo wangu?"

"Krismasi, dada."

"Si leo ni Nyerere Dei?"

Akacheka, akaangalia pembeni kama anayemtafuta msimamizi wake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mimi nimevalishwa tu."

Nilinunua sukari yangu nikaondoka, lakini lile neno halikuniacha. Nimevalishwa tu. Siku ambayo nchi inamkumbuka mtu aliyetuhubiria kujitegemea, sisi tumevalishwa kofia ya manyoya na kuwekewa theluji ya pamba, na Krismasi yenyewe bado siku 72.

Niseme mapema, maana nawajua watu: sigombani na furaha. Nimekulia Kilimanjaro, na mtu wa Kilimanjaro anayeichukia Krismasi bado hajazaliwa. Wala sigombani na kuanza mapema. Ninachogombania ni kile kipindi kinachotangulia sikukuu, ambacho kwa Kiswahili kina jina zuri kuliko majina mengi ya kanisani: Majilio. Kungoja anayekuja. Kipindi hicho kimechukuliwa mchana kweupe, na mahali pake tumewekewa ofa.

Wengi wanaolalamikia Krismasi ya mapema hushikilia tarehe. Oktoba ni mapema mno, wanasema, ingekuwa Desemba sawa. Hoja hiyo inavunjwa na Wafilipino. Kule Ufilipino msimu wa Krismasi unaanza tarehe 1 Septemba. Miezi yote ambayo jina lake kwa Kiingereza linaishia na "ber", yaani Septemba hadi Desemba, ni miezi ya Krismasi. Redio zinaanza nyimbo, nyumba zinatundikwa parol, taa zenye umbo la nyota ambazo asili yake ni mianzi na karatasi. Kwa kalenda, wametuacha mbali sana.

Lakini angalia wanachofanya ndani ya muda huo. Kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, alfajiri tisa mfululizo, watu wanaamka kungali giza kwenda Simbang Gabi, misa iliyowekwa saa hiyo tangu zamani ili wakulima wasali kabla ya kwenda shambani. Wakitoka wanakuta nje ya kanisa bibingka ya moto, mkate wa mchele unaopikwa kwa makaa chini na juu, ndugu kabisa wa mkate wetu wa kumimina. Nchi hiyo ina mamilioni ya watu wanaofanya kazi ng'ambo, wengine Ghuba, wengine Hong Kong, wengine melini. Kwa familia nyingi miezi ile minne ni ya kuhesabu siku mpaka mtu wao arudi.

Na ndiyo, maduka makubwa ya Manila nayo yanavuna kwelikweli, sitaki kuwachora watu kama malaika. Ila pale kungoja kuna mwenyewe. Kuna jambo watu wanalifanya kwa miguu yao na kwa usingizi wao, ambalo duka haliwezi kuwafanyia. Kwa hiyo swali la tarehe tuliweke kando. Tuulize nani ameshika kalenda, na anaitumia kwa kazi gani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Venezuela. Tarehe 28 Julai 2024 nchi hiyo ilifanya uchaguzi wa rais, matokeo yakabishaniwa, watu wakaingia barabarani, wengi wakakamatwa. Tarehe 2 Septemba ikatolewa hati ya kumkamata mgombea wa upinzani, Edmundo González. Siku hiyo hiyo Nicolás Maduro akatokea kwenye televisheni akasema kwamba Septemba tayari inanukia Krismasi, kwa hiyo mwaka huo Krismasi itaanza tarehe 1 Oktoba. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2020 na 2021 pia aliivuta mpaka Oktoba. Maaskofu wa Venezuela walimjibu kwa maneno machache: Krismasi inaanza tarehe 25 Desemba, na isitumike kwa propaganda.

Tulicheka sana habari ile ilipotoka. Chumba cha habari kizima kilicheka, na mimi nikiwemo. Eti rais anasogeza Krismasi! Lakini tukirudi nyumbani tunapita kwenye supamaketi ambayo nayo imeisogeza Krismasi, na hatucheki. Tunachukua kikapu. Maduro angalau alihitaji kutoa tangazo.

Na msidhani biashara kuvuta kalenda ni kichekesho cha maneno. Marekani ilitokea kwa amri ya serikali. Mwaka 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano. Wamarekani walizoea kufanya sikukuu yao ya Shukrani Alhamisi ya mwisho ya mwezi, na msimu wa kununua vitu vya Krismasi ulianza baada ya sikukuu hiyo. Wenye maduka wakaona mwaka huo Shukrani itaangukia tarehe 30, muda wa mauzo utakuwa mfupi, na uchumi bado unachechemea. Wakamwendea Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt akairudisha nyuma sikukuu kwa wiki moja, hadi tarehe 23. Majimbo yakagawanyika karibu nusu kwa nusu. Wengine wakala bata mzinga wiki ile, wengine wiki iliyofuata. Ugomvi ulikwisha mwaka 1941, Bunge lilipopitisha sheria ya Alhamisi ya nne. Taifa kubwa lilikuwa na sikukuu mbili kwa sababu ya madirisha ya maduka.

Mwaka huo huo wa 1939, Chicago, duka kubwa la Montgomery Ward lilimwagiza mwandishi wake wa matangazo, Robert L. May, atunge kijitabu cha kugawa bure kwa watoto watakaokuja dukani na wazazi wao. May alikuwa kwenye madeni, mke wake anakufa kwa saratani; alifariki Julai, kitabu hakijakwisha. May akaendelea kuandika. Akamtunga Rudolph, paa wa Baba Krismasi mwenye pua nyekundu ambaye wenzake wanamcheka. Nakala milioni 2.4 ziligawiwa msimu ule. Wimbo tunaoufahamu ulikuja miaka kumi baadaye, 1949.

Hapa sisi wapenda vitabu lazima tusimame kidogo, maana hadithi hii inatugusa. Rudolph ni tangazo la duka. Watoto wetu pale chekechea wanaimba tangazo la duka la Chicago kila Desemba, na wanaliimba vizuri. Wala simdharau May. Mjane mwenye deni aliyekaa usiku na kumtungia mtoto wake na wa wenzake hadithi ya anayechekwa, huyo ni mwandishi. Nachosema ni kwamba fasihi haikuwa imekaa pembeni wakati Krismasi ikigeuzwa bidhaa. Tulikuwemo jikoni.

Tulikuwemo tangu kwa Dickens. Kitabu chake cha *A Christmas Carol* kilitoka London tarehe 19 Desemba 1843, siku sita kabla ya sikukuu, na nakala 6,000 zikaisha kabla ya Krismasi. Charles Dickens mwenyewe alikuwa na shida ya pesa, mke wake ni mjamzito wa mtoto wa tano. Alikitengeneza kitabu kwa jalada la kupendeza na picha za rangi, akakiuza shilingi tano, na gharama zikamla faida. Mwaka ule ule London zilitoka kadi za kwanza za Krismasi za kuuzwa. Kwa hiyo ukisema Dickens ni mmoja wa wazazi wa Krismasi ya dukani, sitakubishia sana.

Lakini hebu tukisome tena. Watu wengi wanakumbuka mizimu, bata mzinga, na mtoto mgonjwa mwenye mkongojo. Ugomvi mmojawapo wa mwanzoni mwa kitabu kile unahusu mshahara. Karani Bob Cratchit anaomba siku moja ya mapumziko, tarehe 25, na bosi wake Scrooge anaona anaibiwa: kwa nini amlipe mtu siku ambayo hajafanya kazi? Makaa ya kupasha joto chumba cha karani yamefungiwa kwa bosi. Na mwishoni, Scrooge anapobadilika, ukiacha lile bata mzinga, jambo analomwambia Cratchit ni kwamba atamwongezea mshahara. Cratchit alikuwa analipwa shilingi kumi na tano kwa wiki. Piga hesabu: kitabu kinachosimulia shida zake, yeye mwenyewe angekinunua kwa theluthi ya mshahara wa wiki.

Sisi tulichukua bata mzinga, tukaacha mshahara.

Sasa rudi kwa yule kijana wangu mwenye kofia. Anasimama pale tangu Oktoba. Tarehe 24 duka litafungwa usiku sana, na tarehe 25 huenda likafunguliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu ya taifa alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Tunapopanga foleni siku ile kununua soda zilizosahaulika, ni wangapi kati yetu tumewahi kumuuliza anayetuhudumia kama analipwa hivyo? Mimi sijawahi. Nimemwona Scrooge kwenye filamu mara nyingi, nimemchukia kila mara, na sijawahi kuuliza.

Mwisho wa barabara hii ni Japani. Wakristo kule ni kama asilimia moja, tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi kama nyingine, lakini tangu KFC ilipofanya kampeni yake ya mwaka 1974, mamilioni ya watu wanakula kuku wa kukaangwa usiku wa Krismasi, na wengi wanaagiza wiki kadhaa kabla. Sina neno na Wajapani. Wao hawakuwa na Majilio ya kuibiwa; waliuziwa kuku wakanunua kuku, biashara ya haki. Sisi tulikuwa nayo. Tunachouziwa leo ni nakala ya kitu ambacho tunacho nyumbani, na nakala yenyewe ina theluji.

Kuna wanaosema haiwezekani kuzuia, dunia ndivyo inavyokwenda. Si kweli. Waethiopia wa Kanisa la Orthodox wanaisherehekea Krismasi, Genna, tarehe 7 Januari, na kabla yake wanafunga siku 43: hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna mayai. Msimu wao nao unaanza Novemba, mapema kuliko Majilio yetu, ila unaanza kwa kupunguza. Jaribu kumuuzia ofa ya kuku mtu aliye kwenye siku ya kumi na mbili ya mfungo. Ndugu zetu Waislamu wanajua habari hii kuliko mimi. Ramadhani nayo inafuatwa na wafanyabiashara, hilo wanalilalamikia wenyewe. Lakini Idi imefungwa kwenye mwezi kuandama. Hakuna meneja masoko anayeweza kuuamuru mwezi uandame Oktoba kwa sababu bidhaa zimeshafika bandarini. Na aliyefunga siku 29 au 30 anaijua Idi kwa tumbo lake kabla hajaiona dukani.

Hata Wajerumani, ambao masoko yao ya Krismasi yanasifiwa dunia nzima, na ambao biskuti zao za viungo zinapangwa madukani tangu Septemba, wana ukuta mmoja ambao bado umesimama. Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, Waprotestanti wanawakumbuka wafu wao. Wanaiita Totensonntag, Jumapili ya wafu. Kwa desturi masoko ya Krismasi yanangoja ipite ndipo yafunguliwe, na miji mingi bado inaiheshimu. Siyo yote, lakini mingi. Kwanza makaburi, ndipo taa.

Habari ya makaburi ndiyo inanirudisha kwetu.

Bibi yangu, mzaa baba, aliishi Kilimanjaro maisha yake yote kwenye kihamba cha migomba na kahawa. Kwake Novemba ilikuwa ya marehemu: palizi makaburini, misa, majina kutajwa moja moja. Kisha yakaja Majilio, na Majilio ya Bibi yalikuwa kazi. Kupaka chokaa, kukusanya kuni, kupanga ndizi zipi zitaachwa kwa mbege. Na kulipa madeni. Na kubwa kuliko yote, kupatana. Mwaka mmoja, mimi nikiwa darasa la nne, alikuwa hasemi na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Jumapili ya tatu ya Majilio akakata jani la isale, akavaa kanga yake ya kanisani, akanishika mkono tukavuka mfereji mpaka kwa jirani. Wachaga wenzangu mnajua: mtu akikujia na isale huwezi kumfukuza. Hawakuongea mengi. Yule mama akalipokea jani, akatuletea viti. Tuliporudi Bibi alikuwa anatembea haraka kama msichana, akasema, "Sasa Krismasi inaweza kuja."

Hiyo ndiyo maana ya Majilio ninayoijua. Kuna mambo ambayo yasipokwisha, sikukuu haina pa kukaa. Na hakuna hata moja kati ya mambo yale linalouzwa supamaketi.

Sasa nisimulie upande wa pili, na huu siupendi. Nina baba mdogo, fundi wa gereji hapa mjini. Krismasi nne mfululizo hakwenda nyumbani. Kila Desemba nilimpigia. "Shikamoo baba mdogo, mwaka huu tunapanda wote?" "Marahaba mwanangu. Hali ngumu, tutaona." Nilidhani ni nauli, na kweli nauli ya Desemba ina mambo yake, tiketi inapanda kimyakimya na mwenye haraka analipa. Mwaka wa tatu nikamwambia nauli nitatoa mimi. Akanyamaza, kisha akasema, "Nauli siyo tatizo. Nitafika na nini?"

Nitafika na nini. Kwetu mtu anayerudi Krismasi hutazamwa mikono. Zamani alitazamwa kwa mchele kilo tano, sukari, kanga ya mama, basi. Leo anatazamwa na miezi mitatu ya matangazo yaliyomtangulia. Kuanzia Oktoba simu yake imemwonyesha watoto wenye nguo zinazofanana, televisheni ya inchi 55 yenye utepe mwekundu, kikapu cha zawadi chenye bei ya mshahara wake. Kuanzia Oktoba watoto wa nyumbani nao wameona hayo hayo kwenye simu za wazazi wao. Siku ya kuondoka ikifika, mtu ameshashindwa mtihani ambao hakuna mtu wa nyumbani aliyeutunga.

Bibi alikuwa akiuliza kila mwaka. Nikimweleza hali ngumu, alikuwa anakasirika. "Nani alimwambia nataka mifuko yake?"

Alifariki Agosti ya mwaka juzi. Baba mdogo alikuja mazishini. Nauli ya kupanda kuzika ilipatikana siku ile ile, na hakuna aliyemtazama mikono. Alisimama kaburini akalia mpaka tukamshika.

Sitasema tangazo ndilo lililomzuia mtoto kumwona mama yake. Baba mdogo ni mtu mzima na aibu yake ni yake, na sisi wa familia tulichangia, maana tuliwahi kumcheka mtu aliyekuja bila kitu. Lakini aibu hulishwa. Na inapolishwa kuanzia Oktoba, kwa rangi na muziki, inanenepa mpaka inaziba mlango.

Rafiki yangu mmoja, mchumi, nilipomwambia naandika haya alinishambulia. "We acha watu wauze bwana! Desemba ndiyo mwezi pekee fundi cherehani anapumua. Unataka wafe njaa ili wewe upate Majilio yako?" Hoja nzito, na sitaki kuikwepa. Ni kweli Kariakoo inaishi kwa msimu. Ni kweli wapo watoto wanaolipiwa sare za Januari kwa magauni yaliyoshonwa Desemba.

Lakini Krismasi ya Oktoba si ya huyo fundi. Fundi wa Kiboriloni hawezi kuanza Oktoba. Hana ghala, hana mkopo wa kuagiza kontena Julai, anashona gauni mteja akileta kitambaa na kitangulizi. Anayeweza kuanza Oktoba ni yule mwenye mtaji wa kukaa na mzigo miezi mitatu. Na mfuko wa mteja ni ule ule mmoja. Mshahara hauongezeki kwa sababu mti umesimamishwa mapema. Pesa itakayotoka Oktoba kununua taa za kumetameta ndiyo ile iliyokuwa iende kwa fundi Desemba 15, au kwa muuza mbuzi Desemba 23. Rafiki yangu anamtetea fundi kwa hoja inayomnufaisha mwenye kontena. Halafu inakuja Januari, ada kwa wenye watoto shule binafsi, madaftari na viatu kwa wote, na tunaanza kukopana. Wakenya wameshaupa mwezi ule jina, Njaanuari, na wanacheka nao. Ukicheka na deni kila mwaka mwishowe unaliona ni sehemu ya sikukuu.

Wengine wataniambia nimekuwa kama wale Wapuritani. Massachusetts, mwaka 1659, walipitisha sheria kwamba anayesherehekea Krismasi atozwe faini ya shilingi tano, na sheria hiyo ikakaa hadi 1681. Hapana. Sitaki mtu atozwe faini kwa kutundika taa. Serikali iliyoweza kupiga marufuku Krismasi na serikali iliyoweza kuianzisha Oktoba ni ndugu. Zote zinadhani kalenda ya moyo wa mtu ni mali yao. Natoa madai madogo, na nayatoa kwa watu ninaoweza kuwafikia.

Wenye maduka: ngojeni Majilio yaanze. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Mnabaki na wiki tatu hadi nne nzima za kuuza, na hakuna mteja atakayehama kwa kukosa mti wa plastiki Siku ya Nyerere. Na mkiusimamisha, toeni ile pamba. Mtoto wa Temeke hana haja ya kuota theluji ili ajue Yesu amezaliwa.

Waajiri: mlipeni mara mbili yule anayefanya kazi tarehe 25, kama sheria inavyosema, na kabla ya hapo muulizeni kama ana mzazi anayemngoja.

Na sisi tunaosoma na kuandika. Tusitunge tena shairi la Desemba lenye theluji. Tumeishi miaka yote hii na Krismasi ya mvua za vuli, vumbi la stendi, harufu ya pilau, mbege, mabasi yanayoondoka alfajiri, kwaya zinazokesha mazoezini, na tumeiandika kidogo mno. Kama hatuandiki yetu, tutaendelea kukariri tangazo la Chicago. Anayetaka mada ya hadithi nampa bure: mtu yuko stendi na tiketi mkononi, hana mfuko wowote, anaogopa kupanda basi.

Mwisho ni familia zetu, na hapa naanza na mimi. Juzi niliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Niliandika kwamba Krismasi hii sote tunapanda, na kwamba nyumbani ni marufuku kufika na mfuko. Mchele upo, ndizi zipo, mbuzi tutachanga huko huko, kila mtu alichonacho, asiyenacho atapasua kuni. Tutaanzia kaburini kwa Bibi. Shangazi akajibu kwa sauti, anacheka na kulia kwa pamoja. Binamu zangu wakaweka vidole gumba.

Baba mdogo amesoma. Hajajibu bado. Nimeshamkatia tiketi, na mimi nitamngoja stendi.